Maswali ya Wasomaji: Ukiazima kwa Monet na Picasso, Ubaki na Nini Chako?

Shikamooni. Nachora mandhari ya huku kwetu kwa akriliki. Nimewatazama sana Waimpreshonisti, wale wachoraji wa Ufaransa wa karne ya 19 waliofuatilia mwanga, na nimejaribu kuweka rangi kwa madoa madoa kama mwenzao Monet, lakini picha zangu zote zinaishia kuwa tope. Nakosea wapi?
*Kijana mchoraji, Chang'ombe, Dodoma*

Marahaba, kijana wetu. Umechukua madoa ukaacha sababu yake. Wachoraji walioonyesha kazi zao pamoja Paris mwaka 1874 hawakuwa wanatafuta pambo. Walikuwa wanauliza: mwanga wa saa hii unaifanya nini rangi ya kitu hiki? Ndiyo maana waliweka rangi mbili kando kwa kando bila kuzikoroga, ili jicho la mtazamaji lizichanganye lenyewe. Ukizikoroga wewe, hasa zinazopingana kama nyekundu na kijani, au zambarau na njano, zinafifishana. Tope lako limeanzia hapo.

Hali ya hewa nayo inachangia. Kiangazi cha Dodoma ni kikavu na kina upepo, kwa hiyo doa jembamba la akriliki huanza kushika ngozi baada ya dakika chache. Brashi ikilipitia kabla halijakauka sawasawa, inalibandua na kuliburura kwenye rangi ya jirani. Weka doa, liache, na usilirudie mpaka ukiligusa kwa mgongo wa kidole lisinate. Uwe na makopo mawili ya maji, la kuoshea brashi na la kusuuzia. Tenga brashi ya rangi za joto na brashi ya rangi za baridi.

Nyeusi iondoe kabisa kwenye paleti kwa sasa. Kivuli cha mbuyu kwenye udongo mwekundu kinapokea bluu ya anga, hakipokei masizi. Changanya sehemu tatu za rangi ya udongo na sehemu moja ya bluu ya altramarini, na kama kivuli kiko mbali ongeza nyeupe kidogo. Utapata zambarau iliyotulia. Ukiweka chungwa safi pembeni yake, pale kivuli kinapokutana na jua, kivuli kitaonekana kina uhai.

Tuje kwenye saa. Mwaka 1890 na 1891 Monet alichora mafungu ya mavuno ya shambani mara nyingi, akibadilisha kanvasi kadiri mwanga ulivyobadilika. Andaa vipande vitatu vya hadibodi, sentimita 20 kwa 25, uvipake rangi nyeupe ya maji mikono miwili, kisha mkono mmoja mwepesi wa rangi ya udongo. Chora mahali palepale saa moja asubuhi, saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni. Kila kipande kisizidi dakika 40. Ukivuka hapo kivuli kimeshahama, na unachoongeza ni kumbukumbu, si unachokiona.

Ukishazoea, ichore saa sita mchana. Hapo ndipo utakapoachana na Monet, na tunakusihi usipaogope. Dodoma iko karibu nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, hivyo mchana jua linakaribia utosi, vivuli vinajikunja chini ya vitu na rangi za juu zinapauka. Rangi haijapotea, imehamia chini. Mtazame mbuzi mweupe aliyesimama kwenye udongo mwekundu saa hiyo: mgongo wake hauna rangi, lakini tumbo ni la chungwa, kwa sababu udongo unarudisha mwanga juu. Matawi ya chini ya mbuyu ni hivyohivyo. Mwanga huo hauko kwenye mashamba ya kaskazini mwa Ufaransa. Umeazima swali la watu, na jibu umelikuta Ugogo.

Nafundisha sanaa sekondari. Wanafunzi wangu wanapenda Kubizimu, mtindo wa kuonyesha pande nyingi za kitu kwa pamoja katika picha moja, lakini wenzangu wanasema tunawafundisha kuiga Wazungu. Wengine wanasema ni mali yetu kwa sababu Picasso, mmoja wa waanzilishi wake, alichota kutoka Afrika. Tushike lipi?
*Mwalimu, Kondoa*

Mwalimu, yote mawili yana upungufu. Ni kweli kwamba mwaka 1907 Picasso aliona vinyago vya Afrika katika jumba la makumbusho la Trocadéro, Paris, na kazi yake ikabadilika. Lakini vinyago vilivyowavutia wasanii wa Paris wakati ule vilitoka zaidi Afrika Magharibi na ya Kati. Mtoto wa Kondoa hakurithi Kubizimu kwa damu, kama ambavyo hakatazwi kuisoma.

Urithi mlio nao hapo jirani ni michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wapelekeni wanafunzi kwa kupitia ofisi ya mambo ya kale, na wasiguse mwamba wala kuumwagia maji ili picha zikolee. Watazame watu wembamba waliorefushwa, mistari myekundu, picha zilizochorwa juu ya picha. Lakini msiwaambie kwamba hiyo ni Kubizimu ya kale. Kule picha zimepandana kwa sababu vizazi tofauti vilichora ukuta uleule. Kwenye Kubizimu mchoraji mmoja anapandanisha pande nyingi za kitu kimoja kwa makusudi.

Kosa kubwa la darasani ni kuchora kibuyu cha kawaida kisha kukikatakata kwa rula. Kinachopatikana ni kioo kilichovunjika, na mwanafunzi hajajifunza kuona chochote. Picasso na Braque, mwanzilishi mwenzake, walichora gitaa na fidla mara kwa mara, vitu walivyovijua pande zote. Ninyi chukueni zeze: kibuyu chake, ngozi iliyowambwa, mti wake mrefu.

Kila mwanafunzi alichore mara tatu kwenye karatasi za A3, kutoka mbele, ubavuni na juu, dakika 15 kila mchoro, na urefu uwe uleule, tuseme sentimita 30. Kisha abandike karatasi safi juu ya mchoro mmoja baada ya mwingine kwenye kioo cha dirisha na kunakili. Mti wa zeze uwe mhimili wa yote. Kutoka kila mchoro achukue theluthi tu, ile sehemu inayoeleza jambo ambalo upande mwingine hauwezi kulieleza. Akichukua vyote, mistari itasongamana na zeze litapotea.

Wakati wa kupaka rangi, hapa ndipo wengi wanapokwama. Wanafunga kila umbo kwa mstari pande zote. Mbinu waliyoipata wachoraji hao kwa Cézanne, mchoraji wa Ufaransa aliyewatangulia, ni kuacha upande mmoja wa umbo wazi, rangi yake imwagikie kwenye umbo la jirani. Kila bapa, yaani kila umbo la rangi, likolee ukingo mmoja na lififie kuelekea ukingo wa pili. Rangi ziwe chache: kahawia, kijivu, njano ya udongo na nyeupe. Kati ya 1910 na 1912 wao wenyewe walijibana hivyo, na kwa mwanafunzi faida yake ni kwamba rangi kali haitaficha muundo mbovu.

Wateja wangu wanataka Tingatinga, ile michoro ya wanyama ya rangi kali, mimi napenda sanaa dhahania, isiyoiga sura halisi ya vitu. Nimepaka akriliki juu ya rangi ya mafuta kwenye hadibodi, imebanduka. Je, haviendani?
*Dada mchoraji, Kongwa*

Vinaendana sana, dada. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rangi bapa bila kivuli cha kuviringisha mwili wa mnyama. Mchoraji dhahania anaweza kuanza na bapa hizo, apanue mandharinyuma mpaka yawe ndiyo picha, mnyama abaki mstari tu.

Kilichoharibika ni mpangilio wa matabaka. Rangi ya mafuta ikikauka inakuwa laini kama sahani na akriliki haipati pa kushika. Geuza: akriliki chini, iache ikauke siku nzima, kisha rangi ya mafuta juu. Kati ya mkono na mkono wa rangi ya mafuta subiri saa 24. Kwa vumbi la kiangazi, kaushia ndani, ubao ukiwa umeegemezwa ukutani kwa mshazari na uso wenye rangi ukielekea ukuta, ili vumbi litue mgongoni.