Jibu: Je, ndugu Grimm walizunguka vijijini kukusanya hadithi?

Ndugu yangu, umeuliza kama Jacob na Wilhelm Grimm, ndugu wawili wa Kijerumani waliochapisha hadithi za jadi, walitembea kijiji kwa kijiji wakiandika hadithi za wakulima. Hapana. Mara nyingi wasimulizi ndio waliowafuata mjini Kassel, Ujerumani, na wengi walikuwa mabinti wa familia zilizosoma, kama kina Hassenpflug, ambao kwao Kifaransa kilizungumzwa.

Ninayempenda kuliko wote ni Dorothea Viehmann, mke wa mshonaji nguo, aliyekulia kwenye nyumba ya wageni ya baba yake. Alikuja mjini kuuza mazao ya bustani yake. Alisimulia kwanza kwa mwendo wake, kisha akarudia polepole ili waandike, na akikosea alijisahihisha papo hapo. Kwake walipata hadithi zaidi ya 30. Mama huyo anastahili kutajwa kila zinaposimuliwa!

Kama unataka kuwasimulia wanao, angalia toleo la kitabu chao kwanza. Lile la 1812 na la 1857 yametofautiana sana, maana Wilhelm hakuacha kurekebisha. Mwanzoni anayemwonea wivu Schneewittchen (yule binti anayejulikana kwa Kiingereza kama Snow White) ni mama yake mzazi. Mama wa kambo aliingizwa katika toleo la 1819.