Usaili wa kuandika programu: nijiandaeje?

SWALI: Shikamoo dada. Nimemaliza diploma ya kompyuta, naishi Chuno, Mtwara. Kampuni ya programu ya Dar imeniita kwenye usaili wa video, dakika 45, nikiandika programu huku wananitazama. Nimekariri majibu mengi ila bado naogopa.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera. Hayo majibu yaweke kando kwanza. Kwenye usaili wangu wa kwanza niliandika jibu sahihi, kimya mwanzo mwisho, na kazi nikaikosa. Msaili mmoja aliniambia hawakujua nimelifikiaje jibu lile. Iliniuma. Nikarudi nyumbani Mikindani, nikawa najizoeza kwa sauti mbele ya mama, yeye akibangua korosho.

Nikamwambia: daftari la AMCOS, ushirika wetu wa mazao, lina majina ya wakulima yaliyopangwa kwa alfabeti, unamtafuta mmoja. Fungua katikati. Kama jina lake linatangulia, achana na nusu ya pili, ugawe tena iliyobaki. Hata yangekuwa majina 1,000,000, ukifungua mara 20 umemaliza. Mama akaweka korosho chini. "Na kama hayumo?" Akaongeza: "Na kama karani kaandika ovyo, kila anayefika na gunia lake?"

Hayo ndiyo maswali ya msaili hasa! La kwanza, programu yako lazima ijue pa kusimama na kusema hayumo, la sivyo itazunguka bila mwisho. La pili uliulize wewe kabla hujaandika hata mstari: orodha imepangwa? Kama haijapangwa, kugawa nusu hakufai. Na kama unamtafuta mtu mmoja mara moja tu, pitia jina moja moja, maana kuipanga kunakula muda zaidi.

Basi kila jioni chukua swali moja, tega saa, umweleze mtu wa nyumbani huku unaandika. Kama usaili ni wa Kiingereza, lieleze kwanza kwa Kiswahili mpaka linyooke, kisha rudia kwa Kiingereza. Ukikwama, taja ulichojaribu na ulipokwamia. Msaili akikupa dokezo, lipokee na uendelee nalo.

Umeme wetu unaujua: jaza chaji mapema, weka bando kwenye laini mbili, na namba ya msaili iandike kwenye karatasi. Mtandao ukikata, mpigie hapo hapo.

Niandikie wakishakuita tena.