Ile IP68 kwenye boksi la simu yako inakuahidi nini hasa

Simu yangu ilikufa kwenye beseni la nguo. Nilikuwa nimeinama nafikicha kola ya shati, simu iko mfuko wa kifuani, ikachomoka ikatumbukia kwenye povu. Haikukaa humo hata dakika moja. Nikaitoa, nikaifuta kwa taulo, nikacheka na kuendelea kufua, maana simu yenyewe ilikuwa ya IP68 na mimi ndiye niliyekuwa nikiwatambia watu kuwa haiingii maji. Ilipokuwa mpya niliwahi kuizamisha kwenye ndoo mbele ya wenzangu, kwa makusudi kabisa, ikatoka huku bado inapiga muziki.

Usiku ule spika ikaanza kukoroma. Asubuhi kamera ya nyuma ilikuwa imepata ukungu ndani kwa ndani, ule usiofutika ukiupangusa. Jioni nikaichomeka kwenye chaji, ikazima moja kwa moja.

Fundi hakuhangaika nayo sana. Alichomoa kijisahani cha laini, akamulika tochi ndani ya upenyo wake, akanionyesha kibandiko kidogo mno ambacho kwa kawaida huwa cheupe. Kilikuwa chekundu. Akaniuliza, "Kaka, hii simu iliwahi kufunguliwa?" Nikamwambia ndiyo, miezi minane nyuma nilibadilisha kioo baada ya kuiangusha. Akainua kioo taratibu, akanionyesha ukingo wa fremu. Upande mmoja bado kulikuwa na mabaki ya utepe mweusi mwembamba wa kiwandani. Pande nyingine tatu alizipitia yule fundi wa kwanza kwa gundi ya kawaida ya tyubu, matone matone, na kati ya tone na tone kulikuwa na nafasi ya kupitisha unywele. "Maji hayakuvunja mlango," akasema, "yaliukuta wazi."

Tangu siku hiyo nimesoma sana habari za simu na maji, kwa uchungu wa mtu aliyepoteza picha za miaka miwili. Nililojifunza kubwa ni kwamba ile namba kwenye boksi inaeleza simu mpya, siku moja, ndani ya maabara. Simu iliyo mfukoni mwako leo ni habari nyingine.

Tuanze na namba yenyewe. IP inatokana na kiwango cha kimataifa kinachoitwa IEC 60529. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi na inaishia 6. Ya pili ni ya maji na inaishia 9. Ukiona IPX7, ile X haina maana ya sifuri wala ya ubora wa ziada. Ina maana kuwa kwa upande wa vumbi hakuna daraja lililotolewa. Saba kwenye maji ni kuzamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30. Nane ni kuzidi masharti ya saba, lakini kuzidi kwa kiasi gani anasema mtengenezaji mwenyewe. Hapo ndipo wengi tunapoteleza. Galaxy S7 ya 2016 ilikuwa IP68 kwa mita 1.5, dakika 30. iPhone XS ya 2018 ilikuwa IP68 kwa mita 2. iPhone 12 ya 2020 nayo IP68, lakini mita 6. Namba ileile, kina tofauti kabisa. Kwa hiyo usilinganishe simu mbili kwa kutazama IP68 peke yake. Soma yale maandishi madogo chini ya ukurasa wa sifa za simu.

Mtego mwingine ni kudhani namba hizi ni ngazi, kwamba aliyefika 8 amepita zote za chini. Hadi 6 ni kweli: matone, manyunyu, kisha maji ya kurushwa kwa nguvu. Kuanzia 7 mtihani unabadilika kabisa, unakuwa wa kuzamishwa. Simu inaweza kufaulu kukaa chini ya maji yaliyotulia na bado ishindwe na maji ya bomba yanayopigwa kwa kasi kwenye tundu la spika. Ndiyo maana baadhi ya simu huandikwa namba mbili. Sony Xperia Z ya 2013 iliandikwa IP55 na IP57, na siku hizi zipo zinazoandikwa IP68 na IP69, ambapo 9 ni maji ya moto wa nyuzi 80 hivi yanayopigwa kwa shinikizo kubwa kutoka karibu.

Sasa masharti ya mtihani. Maji ni baridi, safi, hayana chumvi wala sabuni, na yametulia. Hata joto limewekewa mpaka: kwa daraja la 7, maji na kifaa havitakiwi kupishana zaidi ya nyuzi 5. Sharti hili niliona ni la kitaalamu tu mpaka nilipofikiria maana yake. Simu iliyolala juani au iliyochezewa gemu saa nzima ina hewa ya moto ndani yake. Ukiitumbukiza kwenye maji baridi, hewa ile inasinyaa ghafla, na simu inavuta kutoka nje kama mtu anayevuta pumzi. Kama kuna upenyo wowote, kinachovutwa ni maji.

Na upenyo upo, wa kubuniwa kabisa. Simu haijazibwa kama chupa. Kioo na mfuniko wa nyuma vimeshikwa na utepe wa gundi uliozunguka fremu nzima. Kijisahani cha laini kina pete ndogo ya mpira. Kichomoe uitazame, mara nyingi ni nyekundu au nyeusi, na ikiwa imekatika au imejaa vumbi, basi hapo hapana kinga. Lakini spika na maiki haziwezi kuzibwa, kwa sababu sauti lazima ipite. Hapo huwekwa kiwambo chembamba cha plastiki ya ukoo wa Teflon, chenye vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Hewa inapita, sauti inapita, maji hayapiti. Na hayapiti kwa sababu moja tu: maji yana tabia ya kushikamana yenyewe kwa yenyewe, ile inayofanya tone libaki duara juu ya jani. Tone haliwezi kujipenyeza kwenye kitundu kidogo hivyo.

Sabuni kazi yake ni kuvunja kushikamana huko. Ndivyo inavyoweza kuingia kwenye nyuzi za nguo na kutoa uchafu. Mimi, kati ya maji yote duniani, niliichagulia simu yangu maji ya povu.

Mvuke nao una ujanja wake. Maji yakiwa mvuke si tone tena, yanapita pale hewa inapopita, kisha yanapoa ndani na kurudi kuwa maji juu ya bodi. Kwa hiyo anayeoga maji ya moto huku simu inapiga muziki kwenye rafu ya bafuni anaweza kuwa anaiumiza zaidi ya aliyenyeshewa njiani. Maji ya bahari yana chumvi, yanapitisha umeme vizuri, na yakikauka yanaacha chembe zinazoendelea kula metali. Bwawa la kuogelea lina klorini. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichokuwamo kwenye beseni la maabara.

Kitu ambacho naona hakisemwi vya kutosha ni tundu la chaji. Watu hudhani ikiwa simu haiingii maji basi na hapo pako salama. Kwa ndani ndiyo, pamezibwa maji yasipite kwenda kwenye bodi, lakini pini zenyewe ziko nje, uchi. Ukichomeka waya wakati kuna unyevu, umeme unapita ndani ya maji kutoka pini hadi pini, na metali inaliwa. Utaona rangi ya kijani au weusi, kisha chaji inaanza kuchagua upande, mara inaingia mara inakataa. Simu nyingi za sasa zikihisi unyevu zinaonyesha alama ya tone na kukataa kuchaji. Usishindane nayo. Kama inakubali chaji ya kuweka juu bila waya, tumia hiyo baada ya kufuta mgongo wake ukauke.

Si suala dogo, lilifika hadi mahakamani. Juni 2022, Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliiamuru Samsung ya nchini humo ilipe dola milioni 14 za Australia kwa matangazo yaliyoonyesha simu za Galaxy zikitumika kwenye mabwawa na baharini, wakati tundu la chaji lingeweza kuharibika iwapo simu ingechajiwa kabla haijakauka. Italia nayo, Novemba 2020, mamlaka ya ushindani iliipiga Apple faini ya yuro milioni 10. Hoja mojawapo ilikuwa ile inayotuudhi sote: tangazo linakuonyesha simu inamwagiwa maji, halafu waranti inasema maji hayamo. Kile kibandiko chekundu alichonionyesha fundi kipo kwa ajili hiyo hiyo, kumwambia anayetoa waranti kwamba maji yalipita.

Simu ikizeeka, kinga nayo inazeeka. Gundi inachoshwa na joto, fremu inapinda kidogo kila inapoanguka hata kama kioo hakikupasuka, na betri ikianza kuvimba inasukuma mfuniko wa nyuma. Kwa macho huoni kitu. Ujanja mmoja niliojifunza: simu nyingi za bei ya juu zina kihisio cha shinikizo la hewa, na zipo programu zinazoonyesha usomaji wake. Fungua programu hiyo, kisha bonyeza katikati ya kioo kwa kidole, si kwa nguvu. Simu iliyozibika vizuri, namba inaruka ghafla kwa sababu umeibana hewa ya ndani. Ikiwa haitikisiki hata kidogo, hewa inatoka mahali. Ni dokezo tu, wala lisikupe ujasiri wa kwenda nayo kwenye ndoo.

Ukipeleka simu kubadilishwa kioo au betri, muulize fundi swali moja kabla hajaishika: ataweka utepe mpya wa gundi uliokatwa kwa ajili ya modeli hiyo, au ataigandisha kwa gundi ya tyubu? Fundi mzuri hatakasirika, atakuonyesha. Hata akiweka huo mpya, wewe ihesabu kuwa kinga yake haijulikani tena. Na simu ya mtumba, hata iwe inang'aa vipi, ihesabu haina kinga kabisa, kwa sababu hujui imefunguliwa mara ngapi.

Ikishatumbukia, itoe, izime, ifute. Vua kava, maana maji hujificha hapo. Ishike tundu la chaji likitazama chini, igonge taratibu kwenye kiganja maji yatoke, kisha iache mahali pakavu penye upepo, tundu likiwa bado chini. Nusu saa ni kiwango cha chini cha kusubiri kabla ya kufikiria waya. Unyevu ukibaki unaweza kuchukua hadi siku nzima. Kama ni simu yenye kinga na ilianguka baharini au kwenye sabuni, isuuze kwanza kwa maji safi yasiyo na kasi, ndipo uikaushe. Najua inauma kuimwagia maji simu uliyotoka kuiokoa majini, lakini chumvi ikikaukia humo ni balaa zaidi.

Mchele uache jikoni. Apple wenyewe wameandika kwenye maelekezo yao kuwa simu isiwekwe kwenye mchele, kwani chembe zake zinaweza kuiharibu. Mashine ya kukaushia nywele nayo hapana, joto linalegeza gundi na upepo unasukuma maji ndani. Pamba ya kijiti kwenye tundu la chaji hapana. Kuitikisa kama chupa ya dawa hapana.

Kwa simu isiyo na kinga yoyote, mwendo ni tofauti. Usikae siku tatu ukiombea iwake. Kuwaka si dalili ya kupona; simu yangu iliwaka vizuri usiku kucha huku kutu ikianza kazi, na mimi ndiye niliyeimalizia kwa kuichomeka chaji, ikapiga shoti. Izime, toa betri kama inatoka, ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo aifungue, achomoe betri na kuisafisha bodi kwa spiriti ya isopropili kabla kutu haijashika. Saa za mwanzo ndizo za thamani.

Simu ninayotumia sasa nayo ni IP68. Mvua ikinikuta njiani napokea simu bila wasiwasi, na kahawa ikiimwagikia naisuuza. Bafuni haiingii, na nikifua inakaa chumba kingine. Juzi mmoja wa wale wenzangu wa siku ya ndoo akaniuliza kama na hii nimeshaijaribu. Nikamwambia ndoo ile ile bado ipo, alete ya kwake.