Asiye injinia kubuni ndege: msome Henri Mignet

Mleta mada umeuliza kama mtu asiye na digrii ya uinjinia anaweza kubuni ndege yake ndogo ikaruka. Anaweza. Henri Mignet wa Ufaransa alishindwa kuzizoea ndege za kawaida, mikono na miguu kufanya kazi kwa pamoja, basi akaunda ya kwake isiyo na pedali: kijiti kimoja tu. Ina mabawa mawili, moja mbele na jingine nyuma; ukikivuta, bawa zima la mbele linainua ukingo wake wa mbele. Mbao, plaiwudi, kitambaa, upana mita 6, injini ndogo ya nguvu farasi 17. Aliirusha 1933, akaiita Chawa wa Angani (Waingereza wakasema kiroboto). Mwaka uliofuata akatoa kitabu cha kuelekeza watu waiunde nyumbani, na Agosti 1935 akavuka nayo bahari hadi Uingereza. Watu wakapagawa, kila mwenye msumeno akaanza kuunda.

Mimi nilitengeneza modeli yake ya rimoti. Mabawa nilikata kwenye lile povu jeupe linalokuja na kartoni ya TV. Raundi mbili safi kabisa. Ya tatu nikashusha pua ipate mwendo, kisha nikavuta kijiti. Ikazidi kuinama! Nikavuta mpaka mwisho, ikachimba mchanga, propela nikaiokota vipande viwili. Mdogo wangu akasema nimebonyeza vibaya. Wapi.

Kumbe ndicho kilichoua watu walioirusha ndege ya Mignet. Mabawa yake mawili yamekaribiana mno. Ukivuta, bawa la mbele linashusha ukingo wake wa nyuma na kubana nafasi iliyo kati yao, upepo unapita kwa kasi juu ya bawa la nyuma, mkia unanyanyuka, pua inashuka. Yaani rubani anavuta ajiokoe, kumbe anajimaliza. Hilo lilionekana pale tu ndege nzima ilipowekwa kwenye handaki la upepo (chumba cha kupulizia ndege upepo wa majaribio), Ufaransa na Uingereza, wakati watu wameshakufa. Mwaka 1936 ikazuiwa kuruka.

Wengine humwita tapeli. Mimi sikubali, maana aliirusha mwenyewe kwanza, na aliendelea kurekebisha michoro yake hadi alipofariki 1965. Kosa lake ni kuwagawia watu ramani kabla hajajua ndege inafanya nini ikiinama sana.

Modeli yangu nimelirudisha bawa la nyuma vidole vitatu, betri nimeisogeza mbele. Sasa nikivuta, inainuka.