Mwombe Mzee wa Jirani Kazi Anayoiweza

Mtoto wa marehemu dada yangu alipokuja kukaa nami alikuwa na miaka 8, na hasemi. Ukimuuliza kitu, anatikisa kichwa tu. Nami narudi kazini nimechoka, sijui nianzie wapi.

Aliyemfungua mdomo ni bibi wa nyumba ya pili, fundi cherehani aliyestaafu. Hakumuuliza habari za mama yake. Alimwita, akampa sindano na uzi: "Mjukuu wangu, hebu nitungie, macho yangu hayalioni tundu." Mtoto akalamba ncha ya uzi, akakosa mara mbili, ya tatu ukapita. Kesho yake alikwenda bila kuitwa. Wiki ya pili nikamsikia anauliza kwa nini uzi ule unakatika ovyo.

Hapo nikakosea. Nikawa namwachia Bibi mtoto tangu anapotoka shule hadi usiku, kila siku, bila hata kuuliza. Bibi hakulalamika. Binti yake ndiye aliyeniambia kwamba mama analala mgongo ukimuuma. Nilikwenda kumwomba radhi, tukakubaliana: siku tatu kwa wiki, saa mbili mbili. Nami namfulia mashuka na kumsindikiza kliniki.

Baadaye nilisoma habari za Hope Meadows, mtaa ulioanzishwa mwaka 1994 mjini Rantoul, Illinois, Marekani, kwenye nyumba za iliyokuwa kambi ya jeshi la anga. Familia zilizoasili watoto waliokuwa chini ya ulezi wa serikali ziliishi jirani na wazee, na wazee walipunguziwa kodi ya pango kwa makubaliano ya kujitolea angalau saa 6 kwa wiki. Zile saa zilinigusa sana. Kumbe msaada wa mzee unaweza kuhesabiwa kama kazi yenye thamani, si kitu cha kuchukua tu kwa sababu yupo nyumbani.

Kwa hiyo kama unataka kuanza mtaani kwako, achana na vikao kwanza. Mpigie hodi mzee mmoja, umwombe jambo analolijua kweli. Semeni siku na saa. Mlango ubaki wazi, na mzazi ajue mtoto yuko wapi. Siku mzee hajisikii vizuri, aseme tu, nawe uwe na mtu mwingine wa kumwachia.

Na mtoto naye aulizwe. Wangu alitaka Jumanne iwemo, kwa sababu ndiyo siku Bibi anakata vitambaa.