Kabla hujaandika insha ya kwanza kuhusu Kanisa la mwanzo

Ninyi mnaoanza somo la Historia ya Kanisa, najua mtafungua ramani ya safari za Paulo, mtafuata mishale, kisha mtaandika kwamba ndivyo Injili ilivyowafikia watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi. Nimesahihisha insha za namna hiyo hadi nimechoka.

Anzeni na Matendo 11:19–21. Waliotawanyika kwa dhiki iliyofuata kifo cha Stefano walifika Antiokia, na baadhi yao, watu wa Kipro na Kirene, wakawahubiri Wayunani. Hakuna anayetajwa jina. Barnaba alipotumwa kutoka Yerusalemu, kisha akaenda Tarso kumtafuta Sauli, kazi ilikuwa imeshaanza. Roma nako kulikuwa na waumini kabla Paulo hajakanyaga.

Halafu ulizeni kwa nini watu hao wa Mataifa walisikiliza. Msitoke sinagogi haraka! Katika miji mingi walikuwapo wacha Mungu: walisali pamoja na Wayahudi, wakasikia Maandiko kwa Kiyunani, ila hawakuwa wameingia kabisa katika dini ya Kiyahudi. Kornelio wa Kaisaria alikuwa mmoja wao. Lidia kule Filipi vilevile. Hawa hawakuhitaji kuelezwa Musa ni nani. Kwa wanaume, kikwazo kikubwa kilikuwa tohara, na hapo ndipo ugomvi ulipozuka: je, mtu wa Mataifa anayeamini lazima atahiriwe?

Kwenye ugomvi huo nendeni polepole. Wekeni Wagalatia 2 kando ya Matendo 15. Wengi huona ni kikao kimoja cha Yerusalemu, cha mwaka 48 au 49 hivi. Luka, mwandishi wa Matendo, anataja makatazo manne: vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, damu, nyama ya wanyama walionyongwa, na uasherati. Paulo anasema waliombwa tu wawakumbuke maskini, kisha anasimulia alivyomkabili Kefa, yaani Petro, ana kwa ana huko Antiokia kwa sababu Kefa alijitenga na meza ya watu wa Mataifa. Msikimbilie kuzipatanisha habari hizi. Paulo ni mhusika, anaandika akiwa bado na hasira. Luka anaandika baadaye, na anapenda kuonyesha umoja. Tofauti yenyewe ni ushahidi kwamba suala la nani ale na nani halikuisha kikaoni.

Kwa tarehe, mshikeni Galio, liwali wa Kirumi ambaye Paulo alishtakiwa mbele yake huko Korintho: maandishi ya mawe ya Delphi, Ugiriki, yanamweka katika jimbo la Akaya karibu mwaka 51 au 52, na mengine mtahesabu kutoka hapo.

Na tafadhali, msiandike kwamba Wakristo na Wayahudi waliachana mwaka 70, Hekalu lilipobomolewa. Mwaka 386 Yohane Krisostomo, padre na mhubiri wa Antiokia, bado alikuwa akiwafokea Wakristo wa Antiokia waliokuwa wakienda sinagogi kwenye sikukuu.