Mjomba Pedi Anajibu: Nianze na la 1997 au la 2020?

Mwezi huu barua karibu zote ni za jambo moja, magemu ya RPG ya Kijapani (yale ya kuongoza wahusika ndani ya hadithi ndefu) yanayotengenezwa upya. Nimeziweka kando za matusi (mbili) na za kuomba siri ya kumshinda Sephiroth, adui mkuu wa Final Fantasy VII (nyingi mno). Zilizobaki ni hizi.

Shikamoo Mjomba Pedi. Nimemaliza Final Fantasy VII Remake mara mbili. Kaka yangu mkubwa anasema nimecheza kivuli tu, gemu lenyewe ni lile la 1997. Nimelitazama: watu wana mikono kama matofali na hawana hata midomo! Ni lazima nilicheze? Na mbona Remake inaishia pale wanapotoka mjini? – Mpwa Asiyelala

Marahaba, mpwa. Nianze na swali la mwisho, ndilo jepesi. Gemu la 1997 lilikuja kwenye diski tatu za PlayStation. Remake, iliyotoka Aprili 2020, imechukua mji wa Midgar peke yake, kipande ambacho zamani kilikuwa saa chache za mwanzo wa diski ya kwanza. Rebirth, sehemu ya pili, ya Februari 2024 inaendelea kuanzia hapo mpaka karibu na mwisho wa diski hiyohiyo, na yenyewe kwenye PS5 inakuja na diski mbili. Hesabu mwenyewe: magemu mawili makubwa, na bado diski ya kwanza hatujaitoa kwenye mashine. Mengine yote yanaisubiri sehemu ya tatu.

Sasa hiyo mikono ya matofali. Lile la zamani nililicheza na kaka yangu, pedi moja ya kuchezea, bila kadi ya kumbukumbu. Kadi moja ya PlayStation ilikuwa na nafasi kumi na tano za kusevu. Sisi hatukuwa na hata moja. Kwa hiyo usiku tulizima televisheni tukaiacha mashine ikiwaka, ile taa yake ndogo ya kijani tumeifunika kwa soksi. Siku ya tatu bibi akaja kufagia, akachomoa waya. Tukarudi kituo cha treni, Cloud, shujaa wa gemu, akaruka tena kutoka juu ya behewa. Nadhani aliruka mara tano kabla hatujapata kadi. Midgar naijua kama mtu anavyoijua njia ya chooni gizani.

Kwa kuwa hakuna mhusika aliyekuwa na sauti, kaka ndiye aliyesoma maneno. Barret, mwenzake Cloud, kaka alimpa sauti ya mjomba wetu mwenye kikohozi. Aerith, mwenzao mwingine, alimsomea polepole, si kwa heshima, ila maneno mengine ya Kiingereza hakuyajua na alikuwa akiyabuni. Cloud alikuwa na ishara tatu nne tu: kutikisa kichwa, kupandisha mabega, kugeuka. Kama ana huzuni au ana maringo ilitegemea kaka ameamkaje siku hiyo.

Kazi hiyo ndiyo Remake imetunyang'anya. Uso sasa una kope zinazocheza, sauti ina pumzi ndani yake, hakuna cha kubuni. Faida ipo, sibishi. Jessie, mmoja wa wenzake Cloud, zamani alikuwa binti mwenye maneno mawili na cheko; sasa ana kwao, ana mama anayepika, ana baba aliyelala kitandani hajitambui kwa sumu ya mako, nishati inayoendesha mji huo. Yalipomfika yanayomfika, safari hii niliiweka pedi chini. Zamani nilibonyeza kitufe nikapita. Lakini faida hiyo imekuja pamoja na zile taa kubwa za kumulikia wakazi wa mitaa ya chini ya Midgar: zima moja, tembea, panda ngazi, zima nyingine. Hapo walikuwa wanajaza saa, na mjazaji wa saa hujulikana hata akiwa na michoro mizuri.

Kwa hiyo, ndiyo, cheza la zamani, na si kwa ajili ya kumridhisha kaka yako. Unaikumbuka ile mizuka ya kijivu yenye majoho, Whispers? Hutokea kila hadithi inapotaka kuiacha njia ya 1997, ikairudisha kwa nguvu. Asiyeijua njia hiyo anaona upepo na vitambaa. Anayeijua anaona gemu likigombana na kumbukumbu zake. Remake ni jibu la barua, mpwa, nawe umelisoma jibu kabla ya barua. Kinachotokea mwishoni mwa diski ya kwanza sikuambii, hata kama intaneti imeshakuambia. Matoleo ya lile la 1997 yanayouzwa kwa mashine za sasa yana njia ya kuongeza kasi mara tatu na njia ya kuzima mapigano ya kushtukiza. Ya kwanza itumie. Ya pili usiiguse, utafika kwa bosi, yule adui mkubwa, ukiwa na nguvu za panya.

Mjomba, rimasta na rimeki vinatofautiana nini? Duka moja la mtandaoni linaviita vyote "toleo jipya". – Mnunuzi Makini

Rimasta ni shati lilelile limefuliwa na kupigwa pasi. Suikoden I na II zilizotoka Machi 2025 ni hivyo: hadithi ileile, mapigano yaleyale, picha zimesafishwa. Rimeki ni shati lililofumuliwa likashonwa upya, pengine kwa kipimo kingine kabisa.

Kuna na ndugu wa katikati, mtindo wa HD-2D ulioanza na Octopath Traveler mwaka 2018: watu wa pikseli kama wa zamani, wanatembea ndani ya dunia ya 3D yenye mwanga, maji yanayometa na ukungu kwa mbali. Live A Live ya 1994 ilifanyiwa hivyo mwaka 2022. Gemu hilo halikuwahi kuuzwa rasmi nje ya Japani kabla ya hapo, hivyo kwa wengi wetu rimeki ndiyo ya kwanza. Hatuna kaka wa kutusuta.

Mjomba nina hasira. Nilikua na magemu ya zamu: wewe unapiga, adui anapiga, unakunywa chai. Sasa Final Fantasy VII Remake inanitaka nikimbie na kukwepa kama kijana. Nani aliwaambia zamu imekufa? – Zamu Yangu Iko Wapi

Tulia ndugu yangu. Kwanza, lile la 1997 halikuwa la zamu kamili. Lilitumia ATB, mfumo uliobuniwa na Hiroyuki Ito kwa ajili ya Final Fantasy IV ya 1991: kila mtu ana mstari unaojaa polepole, na ukizubaa kwenye menyu adui hakusubiri mpaka uende kwenye mipangilio umwambie asubiri. Wewe na chai yako mlikuwa mmeweka mpangilio huo, sema kweli. Remake haikuutupa mstari. Upanga unaujaza, ukifungua menyu dunia inakwenda mwendo wa konokono, unachagua kwa raha. Ukiweka mpangilio wa Classic, Cloud anakimbia na kukwepa mwenyewe, wewe unabaki na amri. Ijaribu kabla hujaniandikia tena.

Pili, zamu haijafa. Dragon Quest III iliyotengenezwa upya mwaka 2024 ni ya zamu. Super Mario RPG ya 2023 ni ya zamu. Persona 3 Reload ya Februari 2024 pia, na hiyo ndiyo ninayotaka tuizungumzie, maana huko kuna hasira bora kuliko yako.

Katika Persona 3 ya 2006, uliyemwamuru kwa mkono wako ni mhusika mkuu peke yake. Wenzako uliwapa mwelekeo tu, shambulia au ponya, kisha wakaamua wenyewe. Na waliamua vibaya! Kila aliyecheza anamkumbuka Mitsuru, mmoja wa wenzako hao: bosi yuko mbele, watu wanakata roho, naye anarusha Marin Karin, uchawi wa kumlewesha adui kwa mapenzi. Bosi halewi. Zamu inayofuata, Marin Karin tena. Niliwahi kumpigia kelele mpaka nikagongewa ukuta na jirani.

Reload inakuruhusu kumwamuru kila mtu (toleo la mkononi la 2009, Portable, lilishafanya hivyo). Gemu limekuwa bora, nacheza nikiwa mtulivu, sipigi kelele. Lakini hadithi yenyewe ni ya vijana wanaojifunza kuaminiana na watu wasioweza kuwaendesha, na pale mwanzo mapigano yalikuwa yakisema jambo hilohilo. Leo Mitsuru ni kidole changu cha sita. Linganisha na Dragon Quest III ya 1988: ukiwasha, kioo cheusi, jina la gemu, kimya. Hakuna muziki wa kufungulia wala picha, kwa sababu nafasi kwenye katriji iliisha. Rimeki ikaweka muziki na sikuona aliyelia, nami sikulia. Ule ukimya uliletwa na uhaba, na Mitsuru aliletwa na watu walioketi wakaamua awe hivyo. Mimi ningekuwa mtengenezaji, kabla ya kurekebisha kero yoyote ya zamani ningeuliza kwanza ni ya aina gani kati ya hizo mbili. Wengi hawaulizi. Wanasoma malalamiko, wanafuta.

Ni kweli Japani ina sheria inayokataza Dragon Quest kuuzwa siku za kazi? – Nimebishana Nyumbani

Umebishana bure, sheria hiyo haipo. Kilichopo ni kwamba Dragon Quest III ilitoka Jumatano, tarehe 10 Februari 1988, na watoto wengi wakatoroka shule kwenda kupanga foleni. Enix, kampuni iliyolitoa, ikaona isirudie. Dragon Quest IV ikatoka Jumapili.

Shikamoo Mjomba. Nasoma programu, mwaka wa pili. Ndoto yangu ni kutengeneza upya Chrono Trigger kwa 3D, bure, kwa mapenzi tu. Nianzie wapi? – Mtoto wa Kodi

Marahaba. Anzia kwa kuacha. Mwaka 2004 kundi la mashabiki lilikuwa likitengeneza vipande vya Chrono Trigger kwa 3D, mradi ukiitwa Chrono Resurrection. Barua ya wanasheria wa Square Enix ikawafikia, wakafunga. Mwaka 2009 wengine wakawa wanakaribia kumaliza Crimson Echoes, hadithi mpya iliyojengwa juu ya gemu hilohilo, barua nyingine. Wote walikuwa wakifanya bure na kwa mapenzi kama wewe. Jina la mtu, wahusika wa mtu na muziki wa mtu viache.

Kisha ujue kwamba hata wenye mali hawana raha unayoidhania. Final Fantasy Tactics ni ya 1997. Walipotaka kuirudisha mwaka 2025 waligundua kodi ya awali, yaani maandishi ya programu yenyewe, haipo tena, ikabidi waijenge kwa kuyachungulia matoleo yaliyokwisha kuuzwa. Siku zile kuhifadhi nakala za kazi hakukutiliwa maanani kama leo. Nawe usipoweka nakala za kazi zako sehemu mbili, nitajua.

Ninachokushauri ni hiki. Chukua Godot, programu ya kutengenezea magemu, ni ya bure, utengeneze mji mmoja wako mwenyewe: muuza silaha mmoja, kisima, mzee anayesema uongo, na pango lenye maadui wa aina tatu. Kisha jibane. Dragon Quest ya kwanza, 1986, ilikaa kwenye kilobaiti 64, na ili herufi zitoshe, mbunifu wake Yuji Horii na wenzake walibaki na katakana (herufi za Kijapani) ishirini hivi za kuandikia majina ya mazimwi na uchawi wote. Jinyime na wewe: maneno mia tatu kwa gemu zima, rangi nane, wimbo mmoja. Utaona jinsi utakavyomfikiria yule mzee wa kisimani kila usiku kabla ya kulala, kwa sababu umembakizia sentensi mbili tu.

Ukilimaliza, acha mwaka upite. Halafu litengeneze upya bila kujibana. Hapo utakuwa umefanya rimeki halali, na utaniandikia kuniambia ni lipi kati ya yale mawili rafiki zako wamelipenda.

Mjomba, Dragon Quest III mpya ina ngazi tatu za ugumu: Dracky Quest, Dragon Quest na Draconian Quest. Nimechagua ya kwanza na mke wangu ananicheka. Nibadilishe? – Mume Mwoga

Katika Dracky Quest watu wako hawafi vitani, kwa hiyo kicheko chake kina msingi. Lakini ngazi unaweza kuibadilisha wakati wowote, wala hakuna cheti mwishoni.

Mimi kwa kiburi cha kuandika safu hii nilianza na Draconian, ngazi ngumu kuliko zote. Jioni ya kwanza nilikwenda kanisani kufufua watu mara sita, na padri akanichukulia dhahabu yote niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya upanga. Nikashuka katikati kimyakimya. Kasi ya mapigano nimeipandisha mpaka mwisho, na alama ya kunionyesha njia nimeizima, maana kupotea ndiko nilikokufuata.

Wewe endelea na Dracky yako. Mkifika kwa bosi Orochi, ipandishe ngazi mpaka Draconian, mpe mkeo pedi, ukae pembeni.